Kujua na Kuweza: Punda na Farasi katika Animal Farm

Kitenzi kisaidizi cha Kiingereza "can", pamoja na umbo lake la wakati uliopita "could", hubeba mzigo ambao Kiswahili huugawa baina ya vitenzi viwili. Aliyejifunza kuogelea anajua kuogelea. Akivunjika mkono hawezi, ingawa ujuzi wake haujamtoka. Mwingereza hutumia neno lile lile kwa hali zote mbili, na msomaji huachiwa apambanue mwenyewe kama linalozungumzwa ni maarifa, nguvu au nafasi tu. Walimu wa tafsiri aghalabu huuona utata huu kuwa kero ya sarufi. Katika nathari ya George Orwell, hata hivyo, utata huo unagusa suala la nani alaumiwe.

Katika sura ya tatu ya Animal Farm (1945), riwaya ambayo Fortunatus Kawegere aliitafsiri mwaka wa 1967 kwa jina Shamba la Wanyama, wanyama wanapangwa kwa kadiri ya kusoma kwao. Muriel, yule mbuzi, anasoma vipande vya magazeti. Clover anazijua herufi zote lakini kuziunganisha kunamshinda. Boxer hapiti herufi ya nne. Akijifunza nyingine nne, zile za mwanzo zinamtoka. Mollie hataki ila herufi za jina lake. Benjamin, punda, anasoma sawasawa na nguruwe, ila hasomi. Kwa mbuzi, kwa farasi na kwa punda Orwell anatumia "could" ile ile, kavu, bila neno la lawama wala la huruma.

Mfasiri wa Kiswahili hana anasa hiyo. Akiandika "Benjamin aliweza kusoma", msomaji ataelewa kwamba punda alijaribu akafanikiwa, yaani kwamba alisoma. Maana imegeuzwa juu chini, kwa sababu kisa chote kinategemea kwamba hakusoma. Hapana budi iwe "alijua kusoma". Kwa Boxer mambo ni kinyume: kuandika "hakujua" tu ni kumdhulumu mnyama aliyejitahidi, akachora herufi zake vumbini kwa ukwato. Yeye hakuweza. Kiswahili, basi, kinamlazimisha mfasiri kutoa hukumu mapema, pale ambapo Orwell ameiahirisha.

Na ameiahirisha kwa makusudi. Amri ya kuua inapochezewa ukutani, Clover anamwomba Benjamin amsomee, naye anakataa kujiingiza. Inambidi mbuzi asome. Kosa la nguruwe ni dhahiri hata kwa msomaji mvivu. La punda limejificha ndani ya kitenzi kisaidizi, na wahakiki wanaomsifu Benjamin kwa hekima yake wamelipita bila kuliona. Anayejua akanyamaza hawezi kuwekwa kapu moja na asiyejua. (Mollie naye ana kapu lake, ila halina uzito.)

Uzito unaonekana katika sura ya tisa. Gari limekuja kumchukua Boxer mgonjwa, eti apelekwe hospitali. Muriel anaanza kuendeleza maneno yaliyoandikwa ubavuni. Benjamin anamsukuma kando, anasoma mwenyewe, na wote wanasikia kwamba gari ni la mchinjaji wa farasi. Ujuzi uliofichwa miaka yote unatumika wakati ambapo hauokoi kitu. Ndani ya gari Boxer anapiga mateke. Zamani mateke machache yangelivunjavunja gari lile. Sasa nguvu zimemwisha.

Hapa Kiswahili, kilichobanwa katika sura ya tatu, kinapata fidia. Katika matumizi ya pwani, kusema mtu "hawezi" ni kusema anaumwa. Boxer hawezi: ni mgonjwa, na mlango umemshinda. Kiingereza cha Orwell kinahitaji sentensi kadhaa kuyaleta pamoja maradhi hayo na udhaifu huo. Mfasiri anayelikumbuka neno hilo atakuwa nalo moja tu, nalo litatosha.