Kazi Iliyo Chini ya Zulia

Kuta za nyumba za Muscat hazisemi kitu. Huko Al Khoud, Mawaleh au Azaiba unapita kando ya ukuta mweupe na hujui kama uani kuna mitende, bwawa au gari bovu. Siku hizi huenda kuna kiwanja: zulia la kijani lenye mistari myeupe, magoli mawili madogo au nguzo ya kikapu, na wavu wa kuzuia mpira usimwendee jirani. Wazee waliokulia Unguja, wakacheza mpira Mnazi Mmoja kabla ya kuhamia Oman, hukitazama kwa shaka kidogo. Nyasi gani hizi, wanauliza, zisizotaka hata mbolea?

Mimi nyasi zenyewe hazinishughulishi. Zilikwishaingia uwanja wa Astrodome mjini Houston mwaka 1966, na tangu hapo viwanda vimekuwa vikizilainisha tu. Kinachonivuta ni kazi ya wanaozitandika, wengi wao watu wa Bangladesh, Pakistan na India, na hasa ile sehemu ya kazi ambayo mwenye nyumba hataiona tena maishani mwake.

Huanza kwa vigingi na kamba. Udongo wa juu huondolewa, sentimita 20 hadi 30 hivi, na hutandikwa kitambaa cha kuchuja ili mawe yasizame. Kisha kokoto humwagwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka likinyunyiziwa maji na kushindiliwa kwa mashine kabla jingine halijaja. Hapa ndipo fundi mwenye pupa anapojulikana. Kumwaga sentimita 15 kwa mkupuo mmoja na kupitisha mashine juu kunaokoa muda mwingi, na juu panaonekana pagumu kama kawaida. Lakini chini mawe hayajashikana. Baadaye panabonyea, tena palepale mbele ya goli ambapo watoto hukanyaga zaidi, na mwenye nyumba analilaumu zulia.

Juu ya kokoto huja vumbi la mawe, na hapo kazi hupoa. Fundi hupiga magoti na rula ya alumini ya mita 3, huivuta polepole kuelekea kwake, kisha huinamisha kichwa mpaka shavu likaribie chini, atazame mwanga unaopenya chini ya rula. Kwa kiwanja cha tenisi, mwanya huo hautakiwi kuzidi milimita 6. Huongeza vumbi kwa kiganja, husawazisha, huvuta tena. Ningeweza kumtazama asubuhi nzima. Na huku akitafuta usawa, lazima aufiche mteremko ndani yake: sentimita 1 kwa kila mita, yaani kiwanja cha mita 15 kishuke sentimita 15 kutoka upande hadi upande, na mchezaji asihisi lolote. Mteremko wa nini, katika mji unaopata mvua ya kama milimita 100 tu kwa mwaka? Aliyekiona kimbunga Gonu Juni 2007, au Shaheen Oktoba 2021, hawezi kuuliza hivyo. Mvua ya Muscat hukawia, na ikija hulipa madeni yote kwa siku moja.

Januari 2024, Kombe la kwanza la Dunia la mpira wa magongo wa wachezaji watano lilipochezwa Muscat, na Kenya ikiwamo, hakuna mtazamaji aliyekata tiketi kwa ajili ya kilichokuwa chini ya zulia. Ndivyo ilivyo.

Zulia lenyewe huja kwa mabunda, mara nyingi yenye upana wa mita 4. Hufunguliwa na kuachwa yalale kwanza, mikunjo ya safari ijinyooshe. Yote lazima yaelekee upande mmoja, kwa kuwa nyuzi zina mlalo wake. Bunda moja likigeuzwa, jua la alasiri litaonyesha utepe wa rangi nyingine hata kama rangi ni ileile. Aliyewahi kumtazama bibi wa Kipemba akiunga ukili kuwa mkeka ataielewa hatua inayofuata: heshima yote iko kwenye mshono. Fundi hukata kingo za kiwandani, huacha kati ya vipande viwili nafasi ileile iliyopo kati ya safu na safu ya nyuzi, hupaka gundi kwenye utepe mpana chini yake, kisha hushusha kingo taratibu, akizitoa kwa vidole nyuzi zilizotaka kunaswa. Akibana sana, panatuna. Akiachia, panabaki ufa.

Na hapa hali ya hewa ya Muscat huingilia kati. Gundi ya mishono hii haipatani na umande, kwani maji huifanya itoe povu. Joto nalo huigandisha kabla mkono haujamaliza. Nafasi iliyobaki ni saa chache za asubuhi, umande umekauka na zulia halijatanuka kwa jua. Kuanzia Juni hadi Agosti sheria ya Oman hukataza kazi za nje juani toka saa 6:30 hadi 9:30 mchana, na hata isingekataza, gundi ingekataa. Mwenye hiari husubiri Novemba.

Mchanga ndio unaonichekesha. Nchi hii ina mchanga mpaka upeo wa macho, na bado wa kiwanja hununuliwa kwenye magunia: mchanga wa silika uliooshwa, mkavu, wenye punje za mviringo. Wa pwani una chumvi na magamba ya kombe. Kwa nyasi fupi unahitaji kilo 20 hivi kwa mita moja ya mraba. Kiwanja cha mita za mraba 150 hunywa tani 3. Hunyunyizwa kidogo kidogo na kupigwa brashi, unyunyizwe tena, mpaka nyuzi zisimame zenyewe. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayolizuia zulia lisisogee chini ya viatu.

Siku ya kukabidhi, fundi mwenye akili huacha gunia moja la mchanga na kipande cha zulia kutoka bunda lilelile, kwa ajili ya kiraka. Humwambia mwenye nyumba asikifungie stoo. Akiweke juu ya paa, kipigwe na jua lilelile, ili siku kitakapohitajika kiwe kimepauka sawa na kiwanja.