Chini ya Irente: kusoma Habari za Wakilindi kwa baiskeli

Nianze kwa kukiri. Miaka sita iliyopita gazeti nililokuwa nikiandikia lilinituma Lushoto kuandika makala ya utalii. Nililala siku mbili, nikapelekwa Irente kwa gari, nikapiga picha kwenye ukingo wa jabali, nikarudi Dar na maneno 800. Ndani yake kulikuwa na "mandhari ya kuvutia", "hali ya hewa mwanana" na, Mungu anisamehe, "pepo iliyojificha". Mhariri alifurahi, nami nikafurahi. Niliposoma tena makala ile mwaka jana niliona aibu. Ukiondoa jina Lushoto ukaweka Marangu au Uluguru, hakuna sentensi hata moja inayoharibika.

Kilichonirudisha kwenye makala hiyo ni kitabu: Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy. Wengi wetu tumekisikia darasani, kwenye ile orodha ya nathari ya mwanzo ya Kiswahili. Tukakariri jina kwa ajili ya mtihani, tukapita. Kilichapwa kwanza kwa mafungu na misheni ya Magila, kule Muheza, karne ya 19 ikielekea kuisha na ya 20 ikianza. Mwaka 1962 kikatolewa upya chini ya uhariri wa J.W.T. Allen. Nakala yangu ni fotokopi ya fotokopi, kurasa nyingine unazisoma kwa kukisia. Nilikisoma chote kwa wiki mbili, halafu nikafanya jambo ambalo marafiki zangu waliliona la kichaa kidogo: nikapakia baiskeli kwenye basi, nikashuka Mombo, nikaanza kupanda.

Kwa ambao hawajakisoma, hiki ni kitabu cha historia ya watawala wa Usambara. Kinaanza na Mbega, mwindaji wa Nguu, mtoto aliyehesabiwa kigego kwa jinsi meno yake yalivyoota. Ndugu zake wanamnyima urithi. Anakimbilia Kilindi, na huko mtoto wa mkubwa wa nchi anauawa na nguruwe wakiwa mawindoni, basi Mbega anakimbia tena, safari hii hadi Usambara. Anafika na mbwa, mikuki na nyama. Watu wa mlimani wana chakula cha shamba lakini nguruwe wanawamalizia mazao, naye kazi yake ni kuua nguruwe. Wanapeana nyama kwa vyakula, wanazoeana, mwisho wanamfanya mtawala wao huko Vugha. Kutoka hapo kitabu kinafuata kizazi hadi kizazi, hadi kwa Kimweri ya Nyumbai na vita vya wanawe na wajukuu zake.

Sasa, ukikisoma hiki kitabu ukitafuta milima utashangaa. Haimo. Namaanisha haimo kwa ile namna tuliyozoea: hakuna jua linalotua, hakuna ukungu unaofunika bonde. Mara ya kwanza nililichukulia hili kama upungufu. Nilijiambia kwamba mwandishi ni mtu wa pwani na mlima haukumgusa.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na kitu, na karibu yote ni kupanda kwa kona. Malori ya kabichi yanashuka yakinusa breki. Kina mama wamepanga plamu na peasi kwenye ndoo kando ya njia. Kabla sijafika Soni nilikuwa nimeshashuka na kuanza kuikokota baiskeli, na kila baada ya muda mtu ananiuliza, "Dada, imeharibika?" Nikasema hapana, niliyeharibika ni mimi. Lakini ni kwenye kukokota huko ndipo kitabu kilipoanza kunifungukia. Ukiwa unahema, mlima huuoni. Unachoulizia ni maji yako wapi, kuna kibanda cha chai mbele, na usiku utaingia kabla hujafika? Mbega naye ndivyo anavyopita humo. Katika Habari za Wakilindi mlima ni mahali pa kufikia na kupokelewa: unalala kwa nani, unatoa nini, unapewa nini. Hata usiku ule anapomuua simba akiwa njiani kwenda Vugha, kinachomshughulisha mwandishi ni watu, wanamtazamaje mgeni huyu kulipokucha.

Kesho yake nilikwenda Irente. Ni jabali linalokatika ghafla, na nyika imelala karibu mita 1,000 chini yako. Nilimkuta kijana mwenyeji anayetembeza wageni. Nikamuuliza kwa kuzugazuga, kile kimji kule chini kinaitwaje?

"Mazinde," akasema. "Mama ana shamba la mahindi huko. Huku juu tunalima mboga."

Mazinde! Miaka sita nyuma nilisimama palepale, nikaipiga picha, na kwenye maelezo ya picha nikaandika "tambarare". Wakati ukisoma nusu ya pili ya Habari za Wakilindi, Mazinde ndipo kila kitu kinapoamuliwa. Kimweri alipofariki, mwanawe Semboja hakutaka kukaa Vugha juu mlimani kama wazee wake. Alikaa Mazinde, njiani mwa misafara, mahali bunduki na bidhaa za pwani zilipopita. Alimfukuza mjukuu wa Kimweri aliyekuwa akitawala Vugha, akamweka huko mwanawe mwenyewe, yeye akabaki bondeni. Nguvu ilishuka mlima. Na Abdallah bin Hemedi, huyu mwandishi wetu, aliishi na Semboja na kumtumikia. Usambara aliyoiandika aliijua akiwa hapo chini, kwenye doa ambalo sisi wenye kamera tunaliita mandhari.

Hapo ndipo nilipobadilisha hukumu yangu kuhusu kukosekana kwa mandhari kitabuni. Mandhari yanahitaji mtu asiye na kazi na kile anachokitazama. Ludwig Krapf alifika kwa Kimweri mwaka 1848 na tena 1852, akitafuta nafasi ya misheni. Richard Burton na John Speke walipanda Vugha mwaka 1857. Wao waliandika kwa ajili ya wasomaji ambao wasingefika huko kamwe, kwa hiyo ilibidi wawachoree nchi. Abdallah aliandikia watu waliojua njia. Tatizo ni kwamba sisi tunaoandika safari kwa Kiswahili leo tumerithi jicho la akina Burton, tukaliacha la Abdallah, ilhali tunawaandikia wasomaji wenye shangazi Bumbuli.

Mwanahistoria Steven Feierman, katika The Shambaa Kingdom cha mwaka 1974, anaeleza kwamba Wasambaa wameigawa nchi yao kwa majina mawili, shambaai na nyika, na kwamba vijiji vingi vilipenda kukaa karibu na ukingo ili watu walime pande zote mbili. Mvua ikikosekana upande mmoja, wana tegemeo upande wa pili. Kwa hiyo ukingo ule tunaoulipia kiingilio tupigie picha ulikuwa ghala. Kijana wa Irente alinieleza jambo hilohilo kwa sentensi mbili, bila kufungua kitabu. Mtae, kule kaskazini, niliona vilevile: nyumba zimejipanga juu ya mgongo wa mlima, na Mkomazi iko chini.

Si kwamba kitabu hiki hakina kasoro. Nasaba zinachosha, kuna kurasa ambapo majina yanapita kama orodha ya mahudhurio. Wanawake wanaolewa na kuzaa watawala, halafu wanatoweka. Wakulima wenyewe, wale waliompokea mwindaji, hatuwasikii sana baada ya kumkabidhi nchi. Na ni lazima ukumbuke unasimuliwa na nani: mtu aliyekula meza moja na upande mmoja wa ugomvi, ambaye baadaye alishika uliwali pwani chini ya Wajerumani. Anapomweleza Semboja, soma taratibu. Mimi hilo halinifukuzi. Mwandishi mwenye deni analolijua msomaji ananifaa kuliko makala yangu ya zamani, ambayo haikuwa na deni kwa mtu yeyote.

Lugha yake nayo inastahili kusemwa. Ni Kiswahili cha masimulizi ya barazani: sentensi fupi, watu wanasemezana, mambo yanasogea kwa "akasema, akajibiwa". Tulioanza na riwaya za baada ya uhuru tunahitaji kurasa ishirini hivi kuzoea. Ukishazoea utagundua hapambi kitu, na kwamba tishio kubwa linaweza kuingia katikati ya maongezi ya kawaida kabisa. Mwandishi wa habari akikisoma vizuri ataona aibu kidogo juu ya vivumishi vyake. Mimi niliona.

Siku ya mwisho nilishuka Mombo, vidole vimekufa ganzi kwa kubana breki, kisha nikaendesha barabara kuu hadi Mazinde. Mkonge huku na huku, joto la kukausha koo. Nilikaa kwenye kivuli cha duka, nikanywa soda na kutazama juu. Kutoka hapo Irente ni ukuta wa mawe tu, na huwezi kujua kama kuna mtu amesimama huko na kamera. Nilimuuliza mwenye duka kama huwa anapanda kuangalia. "Napanda kwenye misiba," akasema, "na nikienda kuchukua viazi."

Tafuteni Habari za Wakilindi. Ulizeni maktaba za vyuo, pigeni fotokopi kama mimi. Na kama kuna mchapishaji anayesoma hapa: kitabu hiki kinahitaji toleo jipya, lenye ramani na maelezo kwa msomaji wa leo. Halafu, mwenye miguu apande Usambara akiwa nacho mkobani. Makala yangu ile ya zamani bado ipo mtandaoni. Nimeomba niruhusiwe kusahihisha walau maelezo ya picha.