Rada ya Ardhini: Jiwe Limekosa pa Kujificha

Jamani, hii rada nimeisukuma juu ya uwanda wa mawe ya matumbawe, mashariki mwa Unguja, na mikono bado inaniwasha kuisukuma tena! Kwa macho ni toroli tu: boksi la antena chini, skrini kwenye mpini. Hakuna kuchimba, hakuna baruti. Unatembea polepole, na mwamba ulio chini ya viatu vyako unajichora mbele yako, papo hapo!

Kazi yote inafanywa na mawimbi ya redio. Antena hutuma chini mpigo mfupi mno. Mpigo ukikuta ufa, tabaka jipya au uwazi, sehemu yake hurudi juu, na mtambo hupima muda wa safari hiyo kwa nanosekunde. Ndani ya jiwe kavu la chokaa, wimbi hukimbia takriban sentimita 10 kwa nanosekunde moja. Kwa hiyo mwangwi uliorudi baada ya nanosekunde 40 umetoka mita 2 chini, maana muda huo ni wa kwenda na kurudi. Hewani lingekimbia mara tatu zaidi. Majini lingejikokota kwa theluthi ya mwendo wake ndani ya jiwe.

Sasa utamu wenyewe! Tabaka la mwamba huonekana kama mstari uliolala. Pango dogo huonekana kama upinde, kwa sababu antena huanza kulinasa kabla ya kufika juu yake na huendelea kulinasa ikishapita. Je, ndani ya upinde huo mna hewa au maji? Rada inajua! Wimbi likitoka kwenye jiwe kuingia hewani, mwangwi hurudi na sura ileile ya mpigo uliotumwa. Likiingia majini, hurudi umepinduliwa. Palipokuwa na mchirizi mweupe-mweusi-mweupe, unaona mweusi-mweupe-mweusi. Lazima jicho lizoee kwanza, lakini likishazoea, utabaki mdomo wazi. Michirizi mitatu tu, na umeshaanza kutofautisha pango kavu na pango la maji!

Antena chagua kwa akili. Ya megahezi 400 hutenganisha vitu vilivyo umbali wa sentimita 6 hivi kwenye chokaa, ila haifiki mbali. Ya megahezi 100 huzama zaidi, lakini vitu vilivyoachana kwa pungufu ya sentimita 25 hivi huanza kuwa ukungu. Vyote viwili kwa pamoja hupati, na hilo linaniuma.

Kasoro? Ziko, tena si ndogo. Karibu na ufuo, maji ya chumvi huinyamazisha rada kabisa, na udongo wa mfinyanzi humeza mawimbi yake. Bei nayo ni ya kampuni, si ya mfuko wa mtu mmoja.

Lakini asije mtu akaniambia hiki ni kitu cha kuchezea. Roboti Perseverance, iliyotua Mirihi Februari 2021, imebeba rada ya aina hii, RIMFAX, kazi ya wataalamu wa Norway. Katika kreta ya Jezero imeonyesha matabaka ya mwamba yaliyolala mshazari, hadi mita 15 hivi chini ya mchanga na mawe. Mirihi, jamani!

Basi wewe unayejiandaa kujenga juu ya matumbawe, kodisha rada pamoja na mtu anayejua kuisoma, kabla fundi hajafunga nondo za msingi.