Mapafu Yapumuapo na Seli Zikwamapo: Uhakiki wa Istilahi ya Upumuaji kwa Kurejelea Konzo ya Tarime

Istilahi ya upumuaji katika maandishi ya sayansi ya Kiswahili imebebeshwa dhana mbili. Ya kwanza ni kuvuta na kutoa hewa. Ya pili ni kazi inayofanyika ndani ya seli, ambapo chakula hugeuzwa kuwa nishati ambayo mwili unaweza kuitumia. Wanaoitetea istilahi hii husema kwamba muktadha hutosha kutenganisha dhana hizo, hasa inapoongezwa sifa na kuwa “upumuaji wa seli”. Makala hii inapinga utetezi huo kwa kuchunguza tukio moja la Mkoa wa Mara, ambamo tofauti ya dhana hizo mbili ndiyo iliyohitaji kuelezwa.

Yafaa kwanza kutazama kile kinachopewa jina. Mapafu huingiza oksijeni katika damu na kutoa kabonidayoksaidi. Kazi yao huishia hapo. Ndani ya seli, molekuli ya glukosi huanza kupasuliwa katika sitoplazimu, hatua isiyohitaji oksijeni na inayoiachia seli faida ya molekuli 2 tu za ATP. Vipande vinavyobaki huingia katika mitokondria. Humo elektroni zake hupokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine, kama ndoo za maji zinavyopita mikononi mwa watu waliojipanga mstari, mpaka mpokeaji wa mwisho, yaani oksijeni. Upokezanaji huo husukuma protoni upande mmoja wa utando, na protoni zinaporudi huendesha kimeng’enya kinachounda ATP. Kwa hesabu zinazokubalika sasa, molekuli moja ya glukosi hutoa takriban ATP 30 hadi 32. Katika maelezo yote haya hakuna pumzi. Oksijeni imo, lakini imo kama kikapu cha kupokea elektroni.

Mzizi wa kitenzi pumua unaelekeza kwingine kabisa. Ukoo wake ni pumzi, pumzika, pumzisha: hewa, kifua, kutua baada ya kazi. Aidha, nomino za umbo la u-…-aji, kama ulimaji, uchimbaji na usagaji, humfanya msikilizaji amtafute mtendaji anayeonekana akitenda. Anayesikia “upumuaji wa seli” hana budi kuipa seli kifua kidogo, na hapo si yeye wa kulaumiwa.

Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa eneo moja la vijijini katika Wilaya ya Tarime walipatwa ghafla na ukakamavu wa miguu usiopona. Tarime ya wakati huo ilijumuisha pia Rorya ya leo. Utafiti wa William Howlett, Glen Brubaker, Nicholas Mlingi na Hans Rosling, uliochapishwa mwaka 1990 katika jarida la Brain, ulitambua wagonjwa 39. Rosling alikuwa amekwisha kuona ugonjwa kama huo Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, ambako uliitwa mantakassa. Jina lililodumu katika tiba, konzo, limetoka katika Kiyaka cha kusini-magharibi mwa Kongo, na hubeba maana ya miguu iliyofungwa. Ni jina bora kuliko “kupooza”, neno ambalo Kiswahili hulikimbilia upesi. Kupooza huleta picha ya kiungo kilicholegea, ilhali mguu wa konzo umekaza. Wayaka walitazama vizuri zaidi kuliko mfasiri.

Chanzo kilihusishwa na muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka. Mizizi yake ina linamarini, ambayo hutoa sianidi inapokutana na kimeng’enya kilichotengwa nayo ndani ya mzizi wenyewe. Kuvundika, kumenya na kuanika kwa siku za kutosha huvikutanisha viwili hivyo mapema na kuiachia sumu nafasi ya kutoka kabla ya unga kufika chunguni. Mkazi wa kanda ya ziwa anayejua udaga anaujua utaratibu huo bila kuhitaji neno linamarini. Njaa ndiyo iliyofupisha siku. Pamoja na hayo, walioathirika walikuwa wakila muhogo karibu peke yake, bila kitoweo cha kutosha.

Sianidi hukamata kimeng’enya cha mwisho katika ule mstari wa kupokezana, kile kinachoikabidhi oksijeni elektroni. Mstari mzima husimama. Katika sumu kali ya ghafla, mapafu huweza kuwa bado yanavuta hewa na damu imejaa oksijeni, hata damu inayorudi kutoka viungoni hubaki na wekundu mwangavu kwa sababu seli hazikuitumia oksijeni iliyoletwa. Konzo yenyewe ni jambo la polepole zaidi: huhitaji sianidi ya kila siku pamoja na upungufu wa protini, na namna hasa inavyoharibu neva bado inajadiliwa na wanasayansi. Hata hivyo, maelezo yoyote ya hatari ya muhogo mchungu lazima yapite katika kimeng’enya hicho. Sasa mwandishi wa kipeperushi aandike kwamba “sianidi huzuia upumuaji”. Mama wa Tarime ambaye mwanawe anapumua vizuri, tena anakimbia, ana kila sababu ya kuamini kwamba unga wake ni salama.

Tatizo halikomei kwenye neno hilo. Mafundisho ya lishe kwa Kiswahili yamezoea makundi matatu: vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Muhogo umewekwa katika kundi la kwanza, nao ni wanga kweli. Lakini mwili huigeuza sianidi kuwa tiosianeti, isiyo na makali yale, kwa kutumia salfa itokanayo na amino asidi za protini. Kwa hiyo maharage, dagaa na maziwa, yaliyofungiwa katika “kujenga”, hapa hulinda, tena huilinda ile njia ambayo nguvu hupatikana. Kwa wafugaji wa Tarime na Serengeti, kikombe cha maziwa kando ya ugali wa muhogo kina maana ya kikemia ambayo makundi matatu hayawezi kuitamka.

Ni neno gani basi? “Uunguzaji wa chakula” huvutia, lakini moto hutoa joto lote kwa mkupuo, na seli hufanya kinyume chake. Respiresheni haina kosa la maana. Kosa lake ni kutokuwa na maana yoyote kwa mtoto anayezungumza Kikurya, Kingoreme au Kinata nyumbani na kukutana na Kiswahili kama lugha ya masomo katika shule ya msingi. Mtoto huyo akiingia sekondari masomo hubadilika kuwa Kiingereza, na asiyeingia hubaki na istilahi ya msingi maisha yake yote. Uzito wa uteuzi uko hapo, kuliko katika orodha za kamusi.

Pendekezo la makala hii ni uvunaji nishati. Kuvuna ni kazi ya hatua, ina zana, ina hasara shambani, na inaweza kukwama ghalani ingawa mazao yamekomaa. Mtu anaweza kuambiwa kwamba hewa imefika na chakula kimefika, ila uvunaji umesimama, naye akaelewa. Neno nishati nalo halipo mbali tena na jiko: kampeni ya nishati safi ya kupikia imelifikisha vijijini, ingawa limefika likiwa na harufu ya gesi na umeme. Upumuaji ubaki na mapafu.

Pingamizi moja ni la haki. Mmea nao huvuna nuru, na mwalimu anayefundisha usanisinuru katika sura hiyohiyo atajikuta na mavuno mawili. Kwa sababu hiyo, mahali pa kwanza panapotajwa dhana hii paandikwe kwa ukamilifu “uvunaji wa nishati kutoka katika chakula”, na ufupisho ufuate baadaye, baada ya mwanafunzi kujua shamba ni lipi.