Kifungo cha Mgongoni

Katika mji alioubuni Lois Lowry ndani ya riwaya yake The Giver, watoto wa miaka minne hadi sita huvaa makoti yenye vifungo mgongoni. Mtoto hawezi kujifunga mwenyewe. Humpa mwenzake mgongo akafungwa, kisha naye akamfunga mwenzake. Ndivyo wanavyofunzwa kutegemeana. Akitimiza miaka saba hupewa koti la vifungo mbele. Akitimiza minane hupewa lenye mifuko, ishara kwamba sasa anaaminiwa kutunza vitu vyake vidogo vidogo, na akifika tisa hupata baiskeli. Msomaji wa miaka 12 akiyasoma haya hashtuki. Huyapenda. Mzazi wake pia huyapenda, maana ni mzazi gani asiyetaka mwanawe ajue kumsaidia mwenzake?

Ufundi ninaotaka kuusifu umo ndani ya koti hilo. Ni ufundi wa waandishi wa riwaya za distopia kwa vijana, hadithi za nchi za kubuni ambamo utawala umeshika kila kitu mpaka ndoto za watu. Serikali inayovunja milango usiku si ngumu kuiandika, wala kuichukia hakumtoi msomaji jasho. Kazi ni kuiandika serikali inayomvalisha mtoto vizuri, ikampa baiskeli, na huku imemfunga mahali asipoweza kupafikia kwa mkono wake.

Lowry alikitoa kitabu hicho mwaka 1993, na mwaka uliofuata kikapata Nishani ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto Marekani. Hamna dikteta ndani yake. Kuna baraza la wazee, kuna vipaza sauti, kuna kanuni, na kuna adabu nyingi sana. Mwanafunzi akichelewa darasani huomba radhi, na darasa zima huitikia kwa sauti moja kwamba limeipokea. Asubuhi watu wa nyumba moja husimuliana ndoto walizoota. Jioni kila mmoja hueleza alichohisi mchana kutwa. Unasoma kurasa kadhaa ukiona ni familia yenye mapenzi. Kisha swali linakujia lenyewe: mbona humu hakuna mtu mwenye siri yake?

Halafu kuna tofaa. Jonas, mvulana wa miaka 11 anayekaribia 12, anarushiana tofaa na rafiki yake Asher, na likiwa hewani anaona limebadilika. Limebadilika vipi, hawezi kusema. Analichukua akaenda kuliangalia nyumbani, na ni tofaa lile lile. Sura kadhaa baadaye ndipo tunapojua kwamba alichokiona ni wekundu, na kwamba mji mzima hauna rangi. Lowry hakutudanganya popote. Sisi wasomaji ndio tuliokuwa tukizipaka rangi nyumba, nguo na bustani za mji ule, kwa mazoea tu, bila kuambiwa. Kila ninapoifikia sehemu hiyo namstahi upya mwandishi huyu, kwa kuwa amemfanya msomaji kijana agundue, ndani ya kichwa chake mwenyewe, jinsi mtu anavyoweza kuishi ndani ya jambo asilione.

Suzanne Collins anapita njia nyingine katika The Hunger Games, kitabu cha mwaka 2008. Kwake ukatili uko wazi: nchi ya Panem, wilaya 12, na kila mwaka kila wilaya inatoa mvulana mmoja na msichana mmoja wa kati ya miaka 12 na 18 wakauane mbele ya kamera. Watu wengi wanakumbuka mishale ya Katniss, msichana shujaa wa hadithi. Mimi nakumbuka hesabu. Jina la mtoto huingizwa katika bahati nasibu mara moja anapotimiza 12, mara mbili akiwa na 13, na kuendelea. Lakini mtoto wa nyumba yenye njaa anaweza kuongeza jina lake, na kwa kila nyongeza anapata nafaka na mafuta ya kumtosha mtu mmoja kwa shida kwa mwaka mzima. Katniss ana miaka 16 na anamlisha mama, mdogo wake na yeye mwenyewe: nyongeza tatu kila mwaka kwa miaka mitano ni 15, na majina yake matano ya kawaida, jumla 20. Gale, rafiki yake, mwenye miaka 18 na nyumba ya watu watano, jina lake limo mara 42.

Kijana anaweza kuijumlisha hesabu hiyo mwenyewe, na akishaijumlisha hahitaji hotuba juu ya tabaka. Ameona kwamba bahati nasibu inayowapa wote nafasi sawa kwenye karatasi inamtafuta maskini kwa jina. Ameona pia kwamba serikali hiyo haikumlazimisha mtu kuongeza jina. Ilimwacha achague kati ya mkate na roho yake.

Lowry aliipata wapi nchi yake? Alipopokea nishani alisimulia kwamba utotoni aliishi Tokyo baada ya Vita Kuu ya Pili, katika mtaa wa Wamarekani uliozungushiwa uzio, ambamo kila kitu kilikuwa cha Kimarekani. Yeye alikuwa akipanda baiskeli, akatoka getini na kwenda Shibuya kuutazama mji wenyewe, harufu zake na kelele zake. Alipokuwa mtu mzima alimuuliza mama yake kwa nini walikaa ndani ya uzio ule. Jibu lilikuwa kwamba palikuwa na starehe, mambo yalikuwa yale waliyoyazoea, na palikuwa salama. Ni jibu la mama anayewapenda watoto wake. Mji wa Jonas umejengwa kwa jibu kama hilo.

Wapo wazazi na walezi Marekani waliotaka kitabu hiki kiondolewe shuleni na maktabani, wakiona ni kizito mno kwa watoto. Siafikiani nao. Mtoto anajua mapema sana amri ina ladha gani. Anachokosa ni hadithi inayomwachia nafasi ya kuipima.

Kwa Kiswahili nasi tuna urithi wa kuanzia. Fortunatus Kawegere alituletea kwa tafsiri nguruwe wa George Orwell katika Shamba la Wanyama mwaka 1967. Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini nchini Kenya miaka ya 1980, alitoa Walenisi mwaka 1995, na humo Dzombo anatupwa angani akajikuta katika sayari yenye utaratibu mwingine kabisa wa kuishi. Naipenda jeuri ya kitabu hicho, ingawa wenyeji wa sayari wanaeleza mno. Ninachokingojea ni riwaya ya kijana itakayoanza na kitu kidogo anachokijua kila mwanafunzi wa kwetu: kiranja aliyeachiwa darasa na mwalimu, kalamu mkononi, akiandika majina ya wapiga kelele. Nchi nzima inaweza kujengwa juu ya karatasi hiyo.

Mwandishi wake na aisome sura ya 9 ya The Giver. Jonas, aliyeteuliwa kuwa mpokeaji wa kumbukumbu za jamii yake, anapewa karatasi yenye kanuni nane. Ya mwisho ni fupi kuliko zote: anaruhusiwa kusema uongo. Tangu utotoni amefunzwa asiseme uongo kamwe. Sasa anawaza: je, kama kila mtu mzima aliipata ruhusa hii alipotimiza miaka 12? Angeweza kumuuliza mtu, lakini asingejua kama jibu ni la kweli. Katika sura ya 16 ni yeye anayewadanganya wazazi wake kwa mara ya kwanza. Katika sura ya 19 anatazama, kwenye picha zilizorekodiwa, baba yake, mlezi wa watoto wachanga, akimdunga sindano pacha mdogo; awali baba alikuwa amesema angemsafisha tu na kumuaga kwa mkono. Sauti ya baba ni ile ile ya upole ya nyumbani. Hapo Lowry hairudii ile kanuni ya nane. Anaamini msomaji wake ameibeba kwa sura kumi.