Mtumwa Mwenye Mkataba

Wapo watakaoshangaa kuona mzee wa umri wangu, aliyestaafu akiwa mkuu wa chuo cha ualimu, akiandika juu ya Venus in Furs. Na washangae. Kitabu hiki kinasemwa kuliko kinavyosomwa. Anayekifungua kwa kutafuta uchafu atakifunga upesi, maana humo mna mijeledi, makoti ya manyoya na maneno mengi, tena mengi mno.

Mwandishi wake, Leopold von Sacher-Masoch, alizaliwa mwaka 1836 katika mji ambao leo ni Lviv, Ukraine. Riwaya ilitoka mwaka 1870. Mwaka mmoja kabla yake, yeye mwenyewe alitia sahihi mkataba wa kuwa mtumwa wa bibi mmoja, Fanny Pistor, kwa miezi sita. Baadaye daktari Krafft-Ebing akalichukua jina lake na kulifanya jina la maradhi, naye angali hai.

Kisa ni chepesi. Severin anampenda Wanda, mjane kijana. Wanda anampa mwaka mmoja wapate kujua kama wanafaana. Severin hatosheki. Ataka apigwe, adharauliwe, aitwe Gregor, asafiri daraja la tatu kama mtumishi. Wanda kwanza anacheka, kisha anakubali ili kumridhisha, kisha anazoea. Wengi huuona uchungu mgongoni mwa Severin. Mimi nauona kwa Wanda, anayeombwa kila siku kitu ambacho akikitoa kinayaua mapenzi yake mwenyewe. Kila anapokubali, Severin anapungua machoni pake, hadi anaondoka na mwanamume mwingine. Miaka kadhaa baadaye anamwandikia kwamba alimpenda kweli, ila tangu alipojifanya mtumwa hakuweza tena kuwa mume. Kipenda roho hula nyama mbichi, twasema. Bali methali yetu haikumfikiria yule anayelazimishwa kuipakua.

Ninalogombana nalo ni neno lenyewe, mtumwa. Mwaka kitabu kilipotoka, soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi. Lilifungwa mwaka 1873. Aliyesimamishwa pale hakuulizwa kama anataka, wala hakuwekewa miezi sita. Lakini nisimwonee mwandishi. Wakulima wa kwao walitolewa katika utumwa wa mashamba mwaka 1848, yeye akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili, kwa hiyo jambo hilo hakulisikia kwa mbali. Na riwaya yenyewe inalijua: Severin anapofikiria kwenda Constantinople, mahali penye utumwa wa kweli, Wanda anakataa. Faida gani kuwa na mtumwa mahali ambapo kila mtu anaye? Ataka awe naye peke yake, kama pambo. Ukurasa huo mmoja una ukweli kuliko mijeledi yote.

Mwishoni Severin anatoa fundisho: mwanamke atakuwa mwenzi wa mwanamume siku watakapolingana katika elimu na kazi. Nimefundisha walimu maisha yangu yote, sina ubishi na hilo. Ila hapa limebandikwa tu. Mwanafunzi wangu angelileta hivyo ningelikata kwa wino mwekundu. Wanda alikuwa na mali yake, akili yake na ulimi wake. Alichokosa ni mwanamume wa kumsikiliza alipotaja ule mwaka mmoja.