Shemizi inaanzia kwenye bega

Wandugu, chaguwa ya Kadutu iko na shemizi nzuri, shida ni kwamba hatujui kuchagua. Mtu anageuza kola, anasoma marke, analipa. Bega hata haliangalii. Siku ya kutetea kazi ya mwisho, mshono wa bega umeshuka mpaka kwenye mkono, na shemizi inaonekana ya kuazima.

Wana Sape walitufundisha kuheshimu nguo. Sisi tumebakiza marke tu.

Fundi anaweza kupunguza mbavuni na kufupisha mikono kwa pesa kidogo. Bega njo kazi nyingine: lazima afumue mikono yote mbili, na mara nyingi shemizi inaharibika. Kola ya kubana, hana dawa yake.

Kwa hiyo, mbele ya kulipa, jaribu. Mshono uishie pale mfupa wa bega unaishia. Funga kola: vidole viwili vipite. Kaa chini: vifungo visivutane tumboni. Mkono ufike kwenye kifundo, usifunike kiganja.

Marke iko ndani ya kola, hakuna wa kuiona. Bega, jury mzima unaliona.